Nilimjua kwa Alama za Tairi

Jina lake silitaji. Si kwamba nalificha. Sijawahi kulitamka maishani, hata nikiwa peke yangu jikoni. Alikuwa baba wa mume wangu, na kwa mila ya Wanyakyusa wa rika lake, mke wa mwanaye haonani naye, hasemi naye, hali naye chakula, na jina lake halipitishi mdomoni. Tuliishi kiwanja kimoja huko Isongole kwa miaka kumi na minne, nyumba yake upande wa juu, yetu upande wa chini, mianzi katikati, na uso wake niliuona vizuri mara moja tu. Nitamwita Mkwe. Wengi siku hizi wameilegeza mila hiyo, wanapeana mikono harusini na kupiga picha pamoja. Mkwe hakulegeza kitu.

Mara hiyo moja ilikuwa kosa langu. Mimi ni mtoto wa Bulyaga, mjini. Babu yangu alikuja kutoka pwani na cherehani, baba akairithi, na nyumbani kwetu tulifundishwa kwamba mkubwa akipita unamfuata, unampa shikamoo, unaupokea mkono wake na kuubusu. Habari za wakwe kukimbiana nilizisikia tangu utotoni, lakini nilidhani ni mambo ya wenyewe, si ya mwalimu mwenye cheti chake. Wiki ya kwanza ya ndoa nikamwona mzee anashuka njiani na baiskeli, nikajua tu ndiye. Nikaenda mbio, nikapiga goti, nikaudaka mkono wake ukiwa bado kwenye usukani. Maskini, aliachia kila kitu. Yeye na baiskeli wakaingia mtaroni, kwenye upupu, na mimi badala ya kukimbia nikamfuata humo humo kumwinua. Ndipo nilipouona uso wake: mwembamba, mweusi, mvi kwenye nyusi kabla ya kichwani, na macho ya mtu anayeomba aachwe.

Mume wangu alicheka siku nzima. Mama mkwe hakucheka. Alinikalisha kwenye kigoda akaniambia, "Mwanangu, mzee hakuchukii. Anakukimbia kwa sababu anakuheshimu. Ukimwona mbali, toka njiani. Ukishindwa kutoka, geuka umpe mgongo. Ndivyo mnavyosalimiana nyie wawili."

Heshima ya namna hiyo nilikuwa siijui, na kusema kweli iliniudhi. Nilikumbuka siku ya nikaha. Mume wangu alikuwa amesilimu ili tuoane, na Mkwe alikuja mpaka Bulyaga, akasimama ng'ambo ya barabara ameshika baiskeli yake mpaka shughuli ikaisha, akaondoka bila hata chai. Ndugu zangu walisema mzee amekasirika kwa sababu ya dini. Nilikuja kuelewa baadaye sana kwamba hakuingia ndani kwa sababu mimi nilikuwamo.

Maisha yake yote ya kazi alikuwa mlinzi wa msitu. Alistaafu na vitu viwili: baiskeli nyeusi ya Kichina yenye karia pana, na barabara zote za msituni, ambazo alikuwa nazo kichwani. Zilichongwa zamani kwa ajili ya malori ya magogo. Upande ule ulipokwisha kuvunwa malori hayakurudi, nyasi zikaota katikati, ikabaki mistari miwili ya udongo mweusi. Hapiti gari. Hata bodaboda hawapiti, maana madaraja mawili yamebaki gogo moja moja, na mwenye gunia la viazi nyuma hathubutu. Unapanda kwenye miti ya misindano, unashuka kwenye mikaratusi, unavuka kijito, unapanda tena mpaka inapoanza mianzi ya mlima Rungwe, na ukungu unakukuta huko huko bila kukuuliza. Mbega wanakuangalia kutoka juu, wanakuona hufai kitu, wanaendelea na majani yao. Ni barabara ya kumfaa mtu mwenye mawazo, na ni barabara ya kumtesa mtu mwenye mawazo. Mimi nimekuwa watu hao wote wawili.

Lami aliichukia. Alisema lami ni ya watu wenye haraka ya kufika kwa wasiowasubiri. Lakini huyo huyo, kila asubuhi kabla ya kutoka, alifungua redio kwa sauti ya kusikika kiwanja kizima kusikiliza wapi barabara imekatika kwa mvua, wapi lori limelala katikati ya njia, mikoa ambayo hakuwahi kufika na hakuwa na nia ya kufika. Akisikia imetajwa ajali ya mbali, huko Singida, alikaa kimya asubuhi nzima kama mfiwa.

Na alikuwa na ukali wa ajabu, ukali wenye mlango wa nyuma. Enzi za kazi, akimkuta mtu anakata mti wa msitu, alimnyang'anya shoka, hapakuwa na mjadala. Aliwahi kumnyang'anya hata mdogo wake wa tumbo moja. Shoka lilikaa kwake mwezi mzima, kisha alilipeleka mwenyewe kwa mwenye nalo, limenolewa, mpini umebadilishwa. Watu walilalamika kwamba kuibiwa na Mkwe kuna faida kuliko kununua dukani.

Shule niliyokuwa nikifundisha ilikuwa upande wa pili wa msitu. Kwa lami ni karibu, lakini lami ile ndiyo ya malori ya kwenda Kyela na mpakani, na ukungu ukishuka dereva anakuona ukiwa tayari chini ya bampa. Mwaka wa kwanza nilipanda bodaboda nikaangushwa mara mbili. Baada ya mara ya pili niliamka asubuhi nikakuta baiskeli ya kike imeegemezwa ukutani mwa jiko langu. Si mpya, lakini mnyororo umepakwa grisi, breki zimekazwa, na gurudumu la nyuma limefungwa wavu ili sketi isinaswe. Hakuna aliyesema neno. Nilimuuliza mume wangu, naye alijibu huku anavaa viatu, "Mzee anasema huko msituni hakuna wa kukuangusha ila wewe mwenyewe."

Njia alinifundisha bila kuniona. Tairi lake la nyuma lilikuwa limepasuka siku nyingi, akalishona kwa ukanda wa ngozi, na kila lilipozunguka liliacha kovu udongoni. Yeye alitoka kwanza, maana hata baada ya kustaafu hakuacha kuukagua msitu. Mimi nilisubiri redio inyamaze, nikanywa chai, ndipo nikatoka, nikafuata kovu lile. Penye njia panda alivunja tawi na kulilaza upande wa kupita. Sote wawili tulizunguka mlima upande mmoja, asubuhi kwenda, alasiri kumalizia mzunguko, na kwa kuwa mtu wa mbele hageuki na mtu wa nyuma hapiti, hatukukutana. Tuliendesha hivyo miaka.

Udongo unasema mengi ukiuzoea. Nilijua wapi amesimama kukojoa, Mungu anisamehe, na wapi amekaa kwenye gogo akala kiazi. Nilijua siku anayo hasira, maana mistari ilinyooka. Siku ana furaha alipinda pinda kati ya mashimo kama kijana. Zaidi ya yote nilijua wapi ameshuka akakokota, kwa kuwa nyayo zilianza kando ya tairi. Mwaka wa kwanza zilianzia kilima cha mwisho, kile cha mianzi, ambacho hata mimi nilikikokota. Miaka mitatu baadaye zikaanzia kile cha katikati. Halafu kile cha kwanza. Nilimwona anavyozeeka, sikuwahi kumwona anavyotembea.

Pale kijitoni kuna jambo ninalolikumbuka mpaka leo. Alasiri ilikuwa ikinikuta hapo, nami nilizoea kutawadha kwa taabu, nimechutama kwenye matope, kanga mdomoni. Siku moja nikakuta jiwe pana limewekwa ukingoni, imara, halitikisiki, na kando yake pamefyekwa mahali padogo pa mtu mmoja, majani makavu yametandazwa. Mkwe mwenyewe alikuwa Mkristo wa kusinzia kanisani. Kibla hakukijua, na mahali pale palielekea bondeni. Niligeuka kidogo nikasali. Kesho yake nikakuta majani yametandazwa upya, kufuata nilivyogeuka.

Kuhusu maneno yake, mengi yalinifikia kwa mikono ya watu. Mwanzoni ni mama mkwe, ambaye alitafsiri kila kitu kuwa salamu. Alipofariki kazi hiyo akaichukua mume wangu, ambaye alifupisha kila kitu. Mzee angesema nusu saa, na mume wangu angeniambia, "Anasema ni sawa." Mjumbe bora alikuwa binti yangu. Kwa mjukuu wake Mkwe hakuwa na mila wala breki. Alimwita "mke wangu", akamtania miguu, akampakia kwenye karia na kumzungusha kiwanjani akimsimulia uongo kuhusu chui. Binti alikuja ndani akanimwagia yote, na sauti ya babu yake akaigiza, ile r inayotoka l. "Babu amesema balabala nzuri ni ile ukipata pancha hakuna wa kukucheka." "Babu amesema mama anapiga breki sana mteremkoni, rimu zitaisha." Nilishangaa amejuaje. Kumbe naye, siku nilizomtangulia kurudi kwa sababu ya kichwa kuuma, aliusoma udongo wangu.

Mjumbe alipokosekana, Mkwe alizungumza na baiskeli. Alisimama nyuma ya mianzi na kupaza sauti: "Wewe baiskeli, leo gogo la daraja la pili linateleza, mtu asipite amepanda." Nami nilijibu kwa kumwambia kuku. "Wewe kuku, sahani ya mzee iko kwenye jiwe, imefunikwa." Mgeni angepita angedhani kiwanja kizima kina wazimu. Sisi tuliona kawaida, na siku nyingine nilijikuta nacheka peke yangu, na upande wa pili wa mianzi nikasikia mtu anakohoa ile kohoa ya kuficha kicheko.

Mume wangu aliugua siku chache tu. Tulimzika pale pale, upande wa chini wa kiwanja. Nilipokaa eda, miezi minne na siku kumi bila kutoka, ndugu zake walinung'unika kwamba ni mila ngumu za Waislamu. Nikamsikia Mkwe anaiambia baiskeli, mara hii si kwa sauti ya kupaza, "Mwalimu hatatoka. Kukaa bila kuonwa si jambo geni hapa." Katika watu wote waliokuja kunipa pole hakuna aliyenielewa kama yeye, na yeye ndiye pekee ambaye hakuweza kunipa mkono.

Kisha binti akachaguliwa kwenda shule ya bweni Mbeya. Tukabaki wawili kwenye kiwanja, watu wasiosemeshana. Nilipika, nikaweka sahani kwenye jiwe la mpakani, nikaingia ndani. Aliichukua, akala, akairudisha imeoshwa. Jioni moshi wake na moshi wangu ulipanda kila mmoja kivyake. Nimewahi kuwa mpweke mahali penye watu wengi, lakini upweke wa kumsikia mtu mmoja anapuliza moto hatua thelathini kutoka kwako, na usiweze kumuuliza amelalaje, huo ni mwingine. Ulinichosha mifupa.

Ndipo barua ikaja. Nilikuwa nimeomba uhamisho kabla mume wangu hajafa, nikausahau. Sasa shule moja ya Bulyaga ilikuwa na nafasi, jibu lilitakiwa kabla ya Ijumaa. Kaka zangu walifurahi, wakasema rudi, bado kijana, unamngoja nani huko? Nilichotaka kujua ni kitu kimoja tu: Mkwe anataka nibaki, au anataka niende? Nikibaki kumbe ni mzigo kwake, nimemharibia uzee wake. Nikienda kumbe ananihitaji, nimemwacha mzee afe kwa njaa. Na mtu wa kumuuliza ni mmoja, ndiye nisiyeweza kumuuliza.

Nilijaribu simu. Alikuwa na kisimu kidogo cha kuongea na mjukuu wake. Alipokea, nikasema "Baba, ni mimi," naye akanyamaza. Hakukata. Nilisikia mvua kwenye bati lake, nikatambua ni mvua ile ile ninayoisikia kwenye langu, na tukakaa hivyo mpaka salio likaisha. Ujumbe wa maandishi macho yake hayakuuona tena. Kumtuma jirani? Swali la namna hiyo halipelekwi na jirani, litafika sokoni kabla ya kufika kwa mzee. Nikabaki na kuku. Jumatatu asubuhi nikasimama uani, nikasema, "Wewe kuku, wananiita nikafundishe Bulyaga. Sijui niende au nibaki."

Nyuma ya mianzi kimya. Jumanne kimya. Jumatano redio haikufunguliwa kabisa.

Alhamisi alasiri nilikuwa narudi. Mvua ilikuwa imeacha muda si mrefu, misindano ilidondosha maji yake polepole, na ukungu ulikuwa umekata vilele. Baada ya daraja la pili, kwenye kona, nikaiona baiskeli yake imeegemezwa kwenye ukingo uliochimbwa. Nikadhani ameanguka. Lakini alikuwa amesimama, hatua chache mbele, amenipa mgongo, uso ameuelekeza kwenye udongo wa ukingo kama mtoto aliyeadhibiwa. Koti lake lilikuwa limelowa mabegani. Alikuwa amesubiri tangu mvua inanyesha.

Nikashuka. Nikageuka na mimi, nikaangalia miti. Tukawa mgongo kwa mgongo, barabara katikati.

"Wewe mama unayepita," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza sauti ile kuniangukia mimi na si chuma. "Mimi sikujui."

"Ndiyo, mzee. Nami sikujui."

"Unaelekea Isongole?"

"Naam."

"Huko kuna mwalimu, mkwe wangu. Nataka nikutume kwake. Maana wajumbe wangu wote wamekwisha."

"Nitume, mzee."

Alikohoa. Nilisikia viatu vyake vinasogea kwenye matope, akitafuta pa kukanyaga.

"Mwambie nilisikia alichomwambia kuku. Nimekaa nacho siku tatu. Neno kubwa namna hii siwezi kuiambia baiskeli, ni dharau. Mwambie aende. Aende Bulyaga kwa watu wake, afundishe, na akipata mwenzake aolewe. Mwambie simfukuzi. Asije akafikiri nimemchoka. Chakula chake anazidisha chumvi, fijo kabisa, lakini sijamchoka."

Nilicheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kilio, nikaziba mdomo kwa mtandio ili mjumbe asionekane analia kwa habari isiyomhusu. Aliningoja. Alinipa muda wote.

"Mwambie kaburi la mume wake nitalipalilia mimi," akaendelea. "Na mjukuu likizo zake aje. Basi, hayo tu. Ndaga fijo, mama, kwa kunisikiliza."

Nilijua akiondoka hapo hatutasema tena. Nilijua pia kwamba nimepata ruhusa niliyoitaka, na haikunipa raha hata kidogo.

"Mzee," nikasema, "huyo mwalimu namfahamu kidogo. Nikimpa maneno haya ataniuliza jambo moja, nami sitaweza kumjibu. Ataniuliza, yeye akienda, wewe utakaa na nani?"

Maji yalidondoka kutoka kwenye misindano, kijito kilisikika chini bondeni, na zaidi ya hapo hapakuwa na sauti yoyote, si ya gari, si ya shoka, si ya binadamu anayemwita mwenzake. Tangu asubuhi sikuwa nimeona mtu hata mmoja katika barabara ile.

"Mwambie asiwe na wasiwasi," alisema mwishowe. "Mwambie mzee ana watu wengi."

Nikamjibu kwamba nitamfikishia, nikapanda baiskeli yangu, nikamwacha hapo na watu wake.